Kompyuta inagoma kuwaka asubuhi tu, mchana haina shida. Diski imekufa kweli?

mwalimu_Muheza

Habari zenu wakuu, naombeni msaada, hii ni wiki ya tatu sasa silali vizuri kwa ajili ya kompyuta. Ni ya mezani, ya mtumba, niliinunua kama miaka minne iliyopita, RAM 8, diski ya kuzunguka ya 500GB, nimeweka Linux Mint 21.3 na pembeni nimeiacha Windows maana kuna programu ya maksi za wanafunzi inafanya kazi huko tu. Natungia mitihani humo, maksi za madarasa mawili zote ziko humo, na zimebaki siku tisa mitihani ya nusu muhula ianze.

Shida iko hivi. Asubuhi nikiwasha haifiki mbele, inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maneno mengi na mwisho kabisa imeandika (initramfs) na kimstari kinapepesa. Kijana mmoja wa jirani alinionyesha niandike fsck -y /dev/sda5 (anasema inakagua diski) halafu exit, na kweli ikaendelea ikawaka, nikajua yamekwisha. Kesho yake asubuhi tena. Keshokutwa tena. Yaani sasa nimeshaikariri hiyo amri kama dua.

Ikishawaka nako kuna mengine, brauza inaniambia karibu kila tovuti si salama, apdeti zinagoma zinasema faili bado haijaanza kutumika sijui, na saa huwa inakosea nairekebisha kwa mkono kwa kuangalia simu. Siku nikisahau kuirekebisha basi faili nilizoandika siku hiyo zinakaa chini kabisa kwenye folda kama za zamani, siku moja nilidhani mtihani wa Hisabati wa kidato cha pili umefutika nikakaa chini nikalia, kumbe upo, umejificha huko chini.

Nimeipeleka kwa fundi mjini, ameiangalia dakika kama tano akasema diski imekufa ninunue SSD, na kwamba hii Linux ndiyo inaua diski nirudi Windows. Hela ya SSD aliyonitajia mwezi huu sina. Ila kinachonichanganya ni kwamba nikiizima mchana nikawasha tena haileti shida hata kidogo, inapita moja kwa moja. Ni asubuhi tu. Kweli diski inaweza kuwa mbovu asubuhi halafu mchana ikawa nzima?

juma_kete

Pole mwalimu. Hiyo initramfs mimi imenitokea mara mbili na mara zote ilikua diski. Hamisha vitu vyako upesi afu piga Mint upya au weka distro (toleo la Linux) nyingine nyepesi. Usipoteze muda.

Mzee_wa_Journal

Mwalimu pole sana na kazi. Juma yuko sahihi kwenye neno moja, hamisha vitu vyako upesi. Kabla ya yote, leo hii, chukua flashi, nakili mitihani na maksi zote, halafu flashi nyingine nakili tena, umpe mwenzako wa ofisini akutunzie. Kama diski ni nzima hujapoteza kitu, kama ni mbovu umeokoka.

Ila kuipiga upya sikubaliani nako, tusubiri kwanza. Hilo swali lako la mwisho ndilo lenye jibu ndani yake, asubuhi inagoma mchana haigomi, diski mbovu haina ratiba ya namna hiyo. Naomba unijibu haya:

Kwanza usiandike tena -y kwa sasa. Hiyo -y maana yake "kubali kila unachoulizwa", na siku diski ikiwa mbovu kweli unaweza ukakubali kitu kikakufutia nusu ya mafaili. Andika fsck /dev/sda5 bila -y, usome inauliza nini, piga picha na simu, halafu ndio ujibu y.

Pili fungua programu inaitwa Disks, ipo kwenye menyu ya Mint, huna haja ya kudaunlodi chochote. Bonyeza diski yako, kwenye vile vidoti vitatu juu chagua SMART Data, hizo ni kumbukumbu za afya ya diski. Nisomee namba za mistari hii tu: 5, 9, 197, 198 na 199.

Tatu, usiku unazimaje? Unazima kompyuta ikabaki kwenye umeme au unazima na swichi ya ukutani?

Nne, kabla ya hiyo skrini ya initramfs hakuna maandishi mengine yanayopita mwanzoni kabisa?

mwalimu_Muheza

Asante sana mzee wangu. Flashi nimeshafanya, mbili kama ulivyosema.

Usiku nazima kila kitu ukutani, kompyuta, kioo, na kile kiredio, mume wangu hapendi kuona taa nyekundu zinawaka usiku anasema zinakula uniti za LUKU. Mchana nikiizima huwa siendi ukutani.

Namba nimezisoma: 5 ni 0, 197 ni 0, 198 ni 0, 199 ni 0, na 9 imeandika saa 21,460.

Maandishi ya mwanzoni yapo, ni meupe, yanasema kitu cha tarehe na muda halafu inataka nibonyeze F1. Nimezoea kubonyeza tu inaendelea, sikuwahi kuona ni jambo la kusema, samahani.

Na leo asubuhi nimefanya fsck bila -y, picha ninayo, imeandika hivi:

Superblock last mount time is in the future.

halafu pembeni kuna tarehe ya jana usiku, halafu now = Sun Jan 1 00:01:40 2012. Halafu Fix. Nikajibu y, ikauliza nyingine inayofanana na hiyo lakini ya write time, nikajibu y, ikamaliza. Hakuna kingine ilichouliza.

Mzee_wa_Journal

Mwalimu usiombe samahani, hapo umeshamaliza kazi yote wewe mwenyewe. Diski yako haina kosa. Betri ya saa imekwisha.

Ngoja nieleze taratibu maana nataka uelewe kwa nini vitu vyote vile vitano vinatoka sehemu moja, ukielewa hakuna fundi atakayekuuzia diski tena bila sababu.

Ndani ya kompyuta, pale kwenye mazabodi, kuna kibetri cha duara bapa kama sarafu, kinaitwa CR2032, volti 3. Hata jina lake lina vipimo vyake, 20 ni milimita za upana na 32 ni unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuendesha saa ndogo ya ndani wakati kompyuta haina umeme kabisa. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini imechomekwa ukutani na swichi iko on, pawa saplai huwa inaendelea kupitisha volti 5 kidogo kidogo, ule waya wa zambarau, na saa inaishi kwa huo umeme, betri inapumzika. Ukizima ukutani umeme wote unakatika na saa inabaki kwa betri peke yake. Betri ikiwa imekwisha, saa inasimama, na ukiwasha, BIOS (programu ndogo ya bodi inayoamka kabla ya Linux au Windows) inaanza kuhesabu kutoka tarehe yake ya mwanzo iliyotoka nayo kiwandani, kwako wewe ni 1 Januari 2012. Ndio maana inakuandikia kuhusu tarehe na kutaka F1.

Sasa angalia kinachofuata. Linux ikianza kuamka, kitu cha kwanza kabla haijaifungua diski inaikagua. Kila partisheni (kipande cha diski) ya ext4, mpangilio wa mafaili ambao Mint yako inautumia, ina sehemu yake ya mwanzo, ndiyo hiyo superblock, inayoandikwa mara ya mwisho ilifunguliwa lini na iliandikwa lini. Diski inasema "mimi nilifunguliwa jana", saa inasema "leo ni mwaka 2012", sasa jana iko miaka mingi mbele! fsck ikiona hivyo inaogopa, haiwezi kujua kama saa ndiyo imekosea au diski ndiyo imeharibika, inasimama inamwita mwenye nyumba aje aamue mwenyewe. Hiyo ndiyo initramfs yako. Ukijibu y inaandika tarehe upya na safari inaendelea. Jioni unarekebisha saa kwa mkono, usiku unazima ukutani, asubuhi tumerudi 2012 tena.

Na kuna jambo ambalo yule fundi angeliona kama angesoma maneno badala ya kuangalia rangi ya skrini. ext4 ina journal, yaani daftari inaloandika kwanza kila inachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Umeme ukikatika ghafla, ikiwaka inasoma lile daftari inamalizia sekunde chache na kuendelea, haikuulizi kitu. Kwa hiyo fsck ya mkono kila siku ya Mungu kwenye diski yenye 5 sifuri, 197 sifuri, 198 sifuri, si kawaida, lazima kuna kitu kingine nje ya diski. Hiyo namba 5 ni sekta zilizoharibika zikahamishwa, 197 ni zile zinazosubiri hukumu, 198 ni zilizoshindikana kabisa. Zote kwako ni sifuri. Masaa 21,460 ni kama miaka miwili na miezi mitano ya kuwaka mfululizo, kwa diski ya mtumba huo si uzee wa kutisha. Hilo la Linux kuua diski naliacha lilivyo, namba hizo zinatosha kulijibu.

Brauza je? Kila tovuti yenye https ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, siku hizi vingi ni vya siku 90 tu. Kompyuta yako ikiwa nyuma inaona cheti kimetolewa "kesho" inakikataa. Apdeti hivyo hivyo, apt, programu inayoleta apdeti, inasoma tarehe iliyosainiwa kwenye orodha ya vifurushi inaona bado haijafika.

Utaniuliza mbona kwenye desktop haionyeshi 2012 inaonyesha mwaka mwingine, wa nyuma lakini si 2012. Hiyo ni systemd, programu inayoamsha huduma zote za Linux, yenyewe inajua tarehe iliyotengenezwa, na ikiona saa inasema ni kabla ya hapo inaisogeza mbele mpaka siku hiyo. Ukiandika journalctl -b | grep "build time" utaona imeandika yenyewe.

Kitu kimoja hakijakaa sawa. Mint ikipata intaneti inatakiwa irekebishe saa yenyewe. Niandikie hii na unipe majibu:

timedatectl

Betri ni ya bei ndogo, nunua, na wakati unasubiri acha swichi ya ukutani iwe on usiku mmoja tu tuone. Kama kesho asubuhi imewaka bila maneno, tumepata uthibitisho kabla hata hujatoa shilingi.

mwalimu_Muheza

Mzee nimesoma hii mara tatu na mara ya tatu nimemsomea mume wangu kwa sauti. Nimeacha on usiku. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nimewasha IMEPITA MOJA KWA MOJA, hakuna F1 hakuna initramfs.

timedatectl imeandika NTP service: inactive. Nimekumbuka mwaka jana saa ilikua inakosea masaa matatu kila nikitoka Windows, nikaambiwa mahali niandike timedatectl set-ntp false niweke saa kwa mkono. Kumbe nilijifungia mlango mwenyewe?

Mzee_wa_Journal

Hukukosea mwalimu, uliambiwa dawa ya ugonjwa mwingine. NTP ni huduma ya kuuliza saa kwenye mtandao, nawe uliizima. Washa hotspoti ya simu halafu:

sudo timedatectl set-ntp true

Subiri kama dakika moja, andika timedatectl tena, ukiona System clock synchronized: yes basi. Bando halitaisha kwa hilo, ni ujumbe mdogo sana wa kuuliza saa. Na haijalishi saa imekosea kiasi gani maana haihitaji cheti kama brauza.

Hayo masaa matatu tutayarudia, betri kwanza.

kisauni_bits

Mimi niko Mombasa, hii kitu imenipata kwa kompyuta za cyber yetu, mashine nne zilizonunuliwa pamoja zikaanza kusumbua mwezi mmoja, betri zao ni rika moja kwa hivyo zilichoka pamoja. Kwetu stima ikipotea usiku kucha asubuhi ni F1 F1 F1 kila meza.

Mwalimu wacha nikueleze kubadilisha maana usije ukaogopa. Zima kwa njia ya kawaida, chomoa waya wa umeme kabisa si swichi tu, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha ushikilie sekunde kumi, hiyo inamaliza umeme uliobaki ndani. Ondoa kavaa la pembeni, shika chuma cha boksi kwanza kwa mkono mtupu ndio mkono usiwe na umeme wa nguo. Piga picha na simu kabla hujagusa chochote, picha ya jinsi waya zilivyokaa, hii ni muhimu kuliko bisibisi.

Betri utaiona inang'aa, imeandikwa CR2032 na alama ya + juu. Pembeni kuna kikulabu kidogo cha chuma, kisukume kwa ukucha au kijiti cha mbao, usitumie bisibisi ya chuma kuifukua maana ikiteleza inakwaruza bodi. Itaruka yenyewe. Ingiza mpya + ikiangalia juu kama ya zamani. Halafu ingia BIOS uweke tarehe na saa, na ukumbuke saa za kompyuta si zetu, saa mbili asubuhi yetu ni 08:00.

Kama una mita pima ya zamani. Nzima inasoma 3.0 hadi 3.3 hivi, ikishuka chini ya 2.5 saa huanza kuyumba. Na ukienda dukani usikubali CR2025 ati "inafanana", upana ni mmoja lakini ni nyembamba, italegea kwa soketi.

mwalimu_Muheza

Betri nimeipata dukani kwa wauza saa za mkononi, elfu mbili. Fundi wa redio hapa jirani amenipimia ile ya zamani imesoma 1.9.

Nimebadilisha mwenyewe! Nimezima ukutani usiku kwa makusudi, asubuhi saa iko sawa kabisa. LAKINI sasa kuna jipya na nimeogopa tena. Tangu nifungue boksi inachukua kama dakika nne kuwaka, kila kitu kinakwama kwama, na nikiandika dmesg (ile ya kuonyesha ujumbe wa mfumo) naona mistari myekundu mingi ya ata1, failed command READ FPDMA QUEUED, halafu ICRC ABRT, halafu limiting SATA link speed to 1.5 Gbps. Kule Disks namba 199 ambayo ilikua 0 sasa ni 41. Je fundi alikua sahihi?

juma_kete

Mwalimu hapo sasa mimi naona ni diski kweli, hiyo read imefeli

kisauni_bits

Hapana Juma subiri. Mwalimu angalia 5 na 197 tena, zimebadilika?

mwalimu_Muheza

Bado 0 zote. 199 tu ndiyo imepanda, sasa hivi ni 44.

kisauni_bits

Basi ni kebo, si diski. Hiyo 199 inahesabu data iliyoharibika NJIANI kati ya diski na bodi, yaani diski imesoma vizuri imetuma vizuri imefika imechafuka, na CRC maana yake ndio hiyo, pande mbili zinahesabu jumla hazilingani. Kama ingekuwa diski yenyewe ungeona 5 na 197 zinapanda na neno UNC (data isiyosomeka) kwa dmesg badala ya ICRC. Kernel, yaani kiini cha Linux, ikiona makosa ni mengi inapunguza mwendo kutoka 6.0 hadi 3.0 hadi 1.5 Gbps ikijaribu kuokoa hali, ndio maana mashine ni nzito hivyo.

Umeigusa ile kebo nyembamba bapa ukitafuta betri, nyingi za zamani hazina kile kilipu cha chuma cha kuzishika, zikiguswa kidogo zinalegea. Zima, chomoa umeme, chomoa hiyo kebo ya SATA ncha zote mbili na uzirudishe hadi zigote. Ukiona imepasuka au ncha imelegea nunua nyingine, fundi yeyote anazo kwa droo ametoa kwa mashine zilizokufa. Na usiipinde kona kali.

Halafu usingoje 199 irudi sifuri, hairudi milele, inahesabu kwenda mbele tu. Andika hiyo namba mahali, ikibaki hapo hapo baada ya siku mbili umepona.

mwalimu_Muheza

Imebaki 44. Nimechomoa nimerudisha, ncha ya upande wa bodi ilikua imetoka nusu, naiona kabisa kwenye picha ya baada ukilinganisha na ile picha ya kabla uliyoniambia nipige. Inawaka kwa sekunde kama hamsini kama zamani. Jamani asanteni.

Sasa lile la masaa matatu. Jana niliingia Windows kujaza maksi, kurudi Mint saa ilikua imeruka, ikajirekebisha baada ya kuwasha hotspoti. Siyo shida kubwa ila ningependa kuelewa.

binti_sava

Hili naomba nilijibu mimi dada mwalimu maana nimeishi nalo miaka.

Ile saa ya ndani inayoendeshwa na betri haina ukanda wa saa, inashika namba tu. Linux inaichukulia kuwa ni UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, kisha inaongeza masaa 3 ya kwetu Afrika Mashariki ndio inakuonyesha. Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa hapa ulipo. Kwa hiyo Windows ikiwaka inaona saa iko nyuma masaa 3, inairekebisha ikipata mtandao, inaandika kule ndani saa ya hapa. Linux ikija inaongeza 3 zingine juu yake. Zinavutana kama watoto na kamba, hakuna aliyeharibika, hawakukubaliana tu.

Kuna njia mbili. Rahisi ni kuiambia Linux ikubali ya Windows, timedatectl set-local-rtc 1, lakini timedatectl yenyewe itakuonya, na mimi pia sikushauri, hasa kwako wewe uliyeteseka na saa. Sababu ni ile ile ya fsck, ule ukaguzi wa mwanzo unafanyika mapema sana na ukanda wa saa ukiwa bado haujasomwa unaweza kuona tarehe ya mbele tena. Huwa masaa hayo machache yanasamehewa lakini kwa nini tujitafutie.

Njia nzuri ni kuibadilisha Windows. Fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows) kama msimamizi, nenda

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation

tengeneza DWORD mpya iite RealTimeIsUniversal uipe thamani 1. Iandike hivyo hivyo na herufi kubwa zake. Ristati. Baada ya hapo zote mbili zinasoma UTC na ugomvi umekwisha. Upande wa Mint hakikisha timedatectl imeandika RTC in local TZ: no, na ukanda ni Africa/Dar_es_Salaam, ukikuta Africa/Nairobi usihangaike ni saa moja.

Na wenye Raspberry Pi mnaosoma hii, zile Pi kabla ya 5 hazina kabisa saa ya ndani wala soketi ya betri, Pi 5 saa inayo ila betri unanunua mwenyewe. Kwa hiyo mkiona vyeti vinakataliwa kwenye Pi isiyo na mtandao angalieni saa kwanza kabla ya kufuta chochote.

juma_kete

Mzee na kisauni, nimesoma yote. Nilimwambia mwalimu apige upya na ingekua kazi bure, angepiga Mint upya na asubuhi angekuta F1 ile ile. Nimeenda kuangalia ile mashine yangu ya zamani iliyonisumbua, ipo stoo, tarehe imesimama 2009. Diski yake nilishaitupa.

Mzee_wa_Journal

Juma usijali, wote tumewahi kutupa kitu kizima. Iwekee betri hiyo mashine uone, huenda ikakufaa.

Mwalimu, swali moja la mwisho, hiyo betri ya zamani iko wapi? Nauliza kwa sababu ulisema uko na familia. Hizi betri za sarafu mtoto mdogo akimeza ni hatari kubwa sana, hata ile iliyokwisha, 1.9 bado ina nguvu ya kutosha kuunguza koo kwa ndani ndani ya masaa mawili. Watu wengi hudhani imekufa basi ni kipande cha chuma tu. Ikitokea imemezwa ni hospitali moja kwa moja, usimtapishe, usingoje kuona dalili. Ifunge selotepu pande zote mbili na uiweke mahali pa juu mpaka upate pa kuipeleka.

mwalimu_Muheza

Mzee nimeshtuka. Ilikua kwenye kisosi juu ya meza ya kompyuta na mdogo wetu ana mwaka na miezi minane, kila kitu ni mdomoni. Nimeifunga selotepu sasa hivi nimeiweka juu ya kabati kwenye kopo la sindano lenye mfuniko, na ile pakiti ya mpya ilikuja na mbili kwa hiyo na ya akiba nimeiweka humo humo.

RealTimeIsUniversal nimeweka, nimeingia Windows nimerudi Mint mara mbili, saa haijaruka. Leo ni asubuhi ya nne naizima ukutani usiku inawaka bila neno. 199 bado 44. Mtihani wa Hisabati nimemaliza kuupanga na kesho naupeleka kuchapishwa.